Mkuyu wa Mtoni ni Amana ya Nani?

Mwalimu wa sayansi anayewafundisha wanafunzi wa Kisesa jinsi mbegu za miti ya mtoni zinavyosambaa anagusa, apende asipende, swali la kidini: mti ambao hakuna binadamu aliyeupanda ni wa nani? Tuuchukue mkuyu. Maua yake yamefichwa ndani ya tunda lenyewe, na nyigu mdogo sana ndiye anayepenya kuyachavusha. Asipokuwapo, mbegu hazipatikani. Kuyu likiiva huliwa na ndege, popo na tumbili, nao huzidondosha mbegu mbali pamoja na kinyesi. Inayobahatika kuangukia udongo wenye unyevu na mwanga ndiyo huota. Hata ng'ombe na mbuzi ni wapanzi, kwa kuwa hula maganda ya migunga na kuzitoa mbegu zikiwa nzima. Desturi zetu humpa mti yule aliyeutolea jasho. Kwa mkuyu wa mtoni jasho hilo si letu, kwa hiyo tulichonacho mikononi ni amana. Qurani inamwita mwanadamu khalifa katika ardhi, na kitabu cha Mwanzo kinamweka bustanini ailime na kuitunza. Hakuna mahali anapokabidhiwa aimalize.

Katika bonde la mto Simiyu, unaoingia ziwani wilayani Magu, miti hii inapungua kwa sababu zinazoonekana: mkaa, kuni za kuchomea matofali, pamba na bustani zilizoshuka hadi majini. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isiyoonekana upesi. Mkuyu mzee bado umesimama na kuzaa kila msimu, lakini chini yake hakuna mche: kama haukung'olewa kwa jembe, umekanyagwa na kwato za mnyama yuleyule aliyesambaza mbegu za mgunga jirani yake. Wingi wa miti mikubwa unatudanganya. Kizazi kimekatika wakati wazee wangali hai.

Atasema mtu kwamba mama anayelima mchicha ukingoni ana watoto wa kulisha. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito. Lakini ukingo usio na mizizi humomonyoka, na bustani yake ndiyo ya kwanza kuchukuliwa na mafuriko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ila Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa kwa makubaliano ya watu wenyewe, na ningeutegemea utaratibu huo kuliko faini. Mwingine atashauri tupande mikaratusi, kwa kuwa hukua haraka. Mbegu zake ni kavu, hazina nyama ya kumlisha popo wala ndege, na bila hao hakuna wa kuupanda mkuyu ujao.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba sayansi ieleze tu, wajibu tuwaachie mashehe na mapadri. Ni kweli kwamba maelezo ya popo na kuyu peke yake hayamwamuru mtu chochote. Lakini mtoto anajua tayari kwamba jembe la kuazima hurudishwa likiwa zima. Somo la mbegu linamwonyesha tu kwamba mkuyu nao umeazimwa. Walimu wa Kisesa, wapelekeni wanafunzi mtoni wakahesabu miche, si miti mikubwa, kisha wamwombe mwenye shamba aiwekee miche waliyoikuta uzio wa miiba.