Moyo wa Mtu ni Mali ya Nani?

Katika viungo vyote vya mwanadamu hakuna kilichosingiziwa mambo mengi kama moyo. Upendo huwekwa ndani yake, na chuki, na siri, na ushujaa. Lakini moyo wenyewe, yaani ile nyama yenye vyumba vinne iliyo kifuani, kwa karne nyingi haukuonekana mpaka mwenyewe awe amekwisha kufa.

Twaa mfano wa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1948 Daktari J. N. P. Davies wa Kampala aliandika habari za maradhi aliyoyakuta katika mioyo ya wafu waliopasuliwa Mulago. Ukuta wa ndani wa mioyo hiyo ulifunikwa na kovu nene jeupe, hata vyumba vikawa vidogo na damu ikakosa nafasi. Ilikuwa elimu kubwa. Ila haikuwafaa wale walioitoa.

Siku hizi kovu la namna hiyo laweza kuonekana mtu yu hai. Mgonjwa hulazwa ndani ya mtambo wa sumaku, uitwao MRI, ambao aghalabu huishinda sumaku ya dunia kwa zaidi ya mara 30,000. Mwili wetu una maji mengi, na ndani ya maji mna haidrojeni. Chembe zake huitii sumaku hiyo, na zikiguswa na mawimbi ya redio hujibu kwa ishara hafifu ambazo mtambo huzikusanya na kuzifanya picha. Hapana kisu wala miali ya eksirei. Mgonjwa hulala kimya katika makelele kama ya nyundo, akizuia pumzi kila anapoamriwa. Dawa yenye gadolini ikitiwa mshipani hukawia penye kovu, na kovu hung'aa. Paul Lauterbur wa Marekani alitangaza picha ya kwanza ya namna hii mwaka 1973, nayo ilikuwa ya vichupa viwili vya maji tu. Mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel.

Maiti haulizwi kama anapenda kutazamwa. Aliye hai huulizwa, na anaweza kukataa. Je, ana haki ya kukataa?

Swali hili nilikutana nalo Likoni, si kitabuni. Mzee mmoja, fundi wa mashua, aliambiwa na daktari kwamba ukuta wa moyo wake ulidhaniwa kuwa umenenepa kupita kiasi, na kwamba picha ya sumaku ingeonyesha unene wake na makovu yake. Akakataa. Nilikwenda kumsihi, kwa kuwa nilidhani ni hofu. Akanijibu, "Mwalimu, mashua inayovuja haiponi kwa kutazamwa. Inataka mbao na kalafati. Je, hizo mnazo?" Nilinyamaza. Gharama ya picha ilikuwa maelfu mengi ya shilingi, na baada ya picha dawa zingekuwa za kununuliwa kila mwezi. Hoja yake ilikuwa na uzito kuliko ile niliyoitayarisha mimi. Watu husema upesi mno kwamba akataaye kupimwa ni mjinga.

Lakini lilikuwapo jambo jingine. Nduguye mkubwa alianguka akafa ghafla akiwa kijana, na daktari alikuwa amesema kwamba unene wa namna hii mara nyingi hurithiwa: mzazi akiwa na kasoro hiyo, kila mtoto wake ni kama shilingi iliyorushwa juu, haijulikani itaangukia upande upi. Na baadhi ya walio nayo hawana dalili yoyote mpaka siku wanapoanguka, pengine wakiwa mbioni. Mwanawe wa mwisho alikuwa darasani kwangu, naye alikuwa mwepesi kuliko wote uwanjani. Kwa haki, kijana angaliweza kupimwa peke yake. Ila nani angalimpeleka kijana mzima hospitalini pasipo sababu?

Nikasema, "Mzee, mashua hii mmepanda wengi."

Alikaa kitambo. Kisha akasema, "Hilo ungalilisema kwanza, mwalimu."

Mpaka leo sijui kama nilimshawishi au nilimlazimisha. Kumtajia mzazi mtoto wake ni kumshika mahali pasipo na ngao, na mtu aweza kutumia neno la kweli kama rungu. Najua tu kwamba kunyamaza pia kungalikuwa kumwamulia, na kumwamulia kijana ambaye hakuwapo barazani kujisemea.

Alivuka feri asubuhi ya Jumanne, pete yake ya fedha akiwa ameivua na kumwachia mkewe. Majibu aliyapokea yeye na wanawe, mlango ukiwa umefungwa. Sikuyauliza, wala hakuniambia. Juma lililofuata kijana alikuja uwanjani, viatu vyake mkononi, akaketi kando yangu, na tukatazama wenzake wakicheza.