Karini, Dmuta na Dhima ya Mtenda

Wamandea wa Iraki na Irani huamini kwamba kila mja wa ardhini ana mwenziwe wa nuru, dmuta, katika Mshunia Kushta. Basi ikiwa sura yake safi imehifadhiwa juu, mtenda dhambi ni nani?

Waislamu wa Shauri Moyo, mtaa wa Nairobi uliowapokea waliohamishwa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, wanamjua mwenzi mwingine: karini. Huyu hushawishi maovu, na ni rahisi (rahisi mno) kumtwika lawama. Lakini katika Sura ya Qaf karini mwenyewe akana kumpotosha mwenziwe. Tendo humrudia mtenda. Wamandea nao hawamsamehe upesi: nafsi yenye dhambi husafishwa kwa adhabu katika matarta kabla ya kuungana na dmuta wake.