Haki ya Kutojua

Mwaka 2007 James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alikabidhiwa orodha kamili ya vinasaba vyake. Alikubali ulimwengu wote uisome, isipokuwa sehemu moja: jeni ya APOE, ambayo aina yake mojawapo huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa Alzheimer. Bibi yake alikuwa ameugua ugonjwa huo. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta kujua aliomba, kwa hili moja, asijue.

Siku hizi swali la Watson linawahusu watu wengi zaidi. Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer. Hupima protini za tau na amiloidi, kazi ambayo awali ilihitaji sindano ya uti wa mgongo au picha ghali za ubongo. Kimeidhinishwa kwa wenye dalili, wa miaka 55 na kuendelea. Hata hivyo, amiloidi huweza kuanza kujikusanya ubongoni miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kusahau lolote.

Mwenye dalili, nadhani, apimwe. Familia itaacha kumwita mkaidi au kudai amerogwa, naye ataandika wosia akili ikiwa bado yake.

Asiye na dalili ni jambo jingine. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Sawa, lakini usiku ndipo tunapolala. Dawa kama lecanemab hupunguza tu kasi ya ugonjwa, na hutolewa kwa wenye dalili za mwanzo. Atakayeambiwa leo atapewa miaka ya kujipeleleza: kila funguo zikipotea, kila jina likigoma kuja mdomoni, atahesabu. Na watoto wake watahesabu pamoja naye.

Hapo ndipo ninapokwama. Bibi yangu, mzaa mama, hanitambui tena. Kipimo hiki kikifika mjini kwetu, nitatamani mama apime. Nitasema ni kwa faida yake, ajipange. Lakini majibu yake yatakuwa dokezo kuhusu damu yangu pia, na nitakuwa nautumia mkono wake kuchungulia kesho yangu. Kumpenda hakunipi ruhusa hiyo.

Wanaotetea kupima mapema wana hoja: anayejua anaweza kupanga fedha, makazi, na nani atamtunza. Basi aelezwe hayo, kisha aachwe aamue, kwa kuwa damu ni yake. Mama akiniuliza, nitamweleza yote ninayoyajua. Asipouliza, nitanyamaza.