Je, Ua Laweza Kusema Uongo?

Muuza mchele akibonyeza kitako cha kopo lake la kupimia, mnunuzi hupunjika. Akionywa, pengine hujitetea: "Hata viumbe vya porini hudanganyana, na ni Mungu aliyeviumba." Wakatekumeni wa Luberizi na wayapime maneno hayo.

Ni kweli, yako maua yanayodanganya. Hayaoti katika bonde la Ruzizi. Huota mbali, Aljeria, kaskazini mwa Afrika, na ng'ambo ya bahari huko Ulaya. Ni ya jamii ya okidi, ambayo vanila nayo ni ya jamii hiyo. Moja huitwa Ophrys speculum, yaani kioo, kwa kuwa lina doa la buluu ling'aalo, na pembeni manyoya kama ya mdudu. Ndugu yake wa Ulaya alipewa na Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1753, jina la insectifera, maana yake "lenye kuchukua mdudu". Lakini mdudu hayupo. Ni mfano wake tu.

Hakimu mmoja Mfaransa, Pouyanne, aliyachunguza maua hayo Aljeria, na habari zake zikachapishwa mwaka 1916. Nyigu madume hutokea kabla ya majike. Ua lina umbo na harufu ya jike. Dume hutua juu yake, asipate mwenzi wala asali. Huondoka na chavua imemnata kichwani, akaipeleka kwenye ua jingine, nalo likazaa mbegu.

Je, ua limetenda dhambi? Hasha. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi hiyo hiyo, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba mwongo ni yule aliye na jambo moja moyoni akatamka jingine, akikusudia kudanganya. Ua halina moyo wa kujua, wala hiari ya kukusudia.

Mtu sivyo alivyo. Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Mungu alimletea Adamu wanyama awape majina. Ua halikupewa kazi hiyo, wala nyigu. Aliyekabidhiwa neno amekabidhiwa pia ukweli wake. Basi asemaye "kopo limejaa", naye ajua limebonyezwa, avunja amri ya nane, na ya saba pia, maana ameiba.

Swali: Kwa nini ua lidanganyalo halina dhambi?
Jibu: Kwa sababu halina akili wala hiari.

Swali: Na mwenye kopo lililobonyezwa?
Jibu: Yeye anazo zote mbili. Yampasa atubu, na kurudisha alichopunja.