WANA WA ASAFU WALIFUNDISHWA NA NANI?

Masomo: 1 Nyakati 25:1-8, Zaburi 137:1-4, Ezra 2:41 na 3:10-13



Mtoto akiomba kupelekwa kwa mwalimu wa kinanda, wazazi wengi hapa Midia humjibu hivi: "Sisi ni wakimbizi. Chakula hakitoshi, daftari za shule hazijanunuliwa, nawe unataka kujifunza piano? Utaipigia wapi?" Si jibu la dharau. Ni jibu la mzazi anayehesabu vikombe vya maharage. Basi tulipeleke jambo hili mbele ya Neno la Mungu.

Zaburi ya 137 tunaijua, maana inatusema sisi. Yerusalemu ilianguka mwaka 586 kabla ya Kristo, watu wakapelekwa Babeli. Waliketi kando ya mito wakalia, wakavitundika vinubi vyao mitini. Walipotakiwa kuimba hawakuweza, na Mungu hakuwakemea kwa machozi yale. Hata kati yetu wako walioacha kuimba tangu siku walipovuka mpaka. Tusiwalazimishe.

Lakini tuendelee kusoma. Katika Ezra 2:41 wanahesabiwa waliorudi kutoka Babeli, na kati yao wamo waimbaji, wana wa Asafu, watu 128. Toka hekalu lichomwe hadi msingi mpya uwekwe ilipita karibu miaka 50. Aliyeondoka kijana alirudi mzee. Bila shaka wengi wa wale 128 walizaliwa ugenini, na hekalu hawakuwahi kuliona kwa macho. Hata hivyo, siku ya kuweka msingi walisimama na matoazi yao wakamsifu Bwana kwa utaratibu wa Daudi. Walijuaje?

Walifundishwa. Biblia haitaji jina la mwalimu wao, lakini lazima alikuwako: mzee mmoja, katika nchi ya kigeni, aliyemketisha mtoto karibu naye akamfundisha kazi ambayo kwa wakati ule haikuwa na mahali pa kufanyiwa. Majirani huenda walimwuliza swali lile lile: "Ataipigia wapi?"

Ndugu zangu, muziki wa ibada hauji kwa karama peke yake. Katika 1 Nyakati 25 waimbaji stadi waliofundishwa walikuwa 288, nao walipigiwa kura wote sawasawa, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Kwaya hujifunza pamoja kwa kusikia, lakini kinanda hakifundishwi hivyo. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Vinanda vingi vya makanisani vina 61. Vidole navyo vina namba, kidole gumba ni cha kwanza, kidole kidogo ni cha tano. Mwalimu sharti aketi karibu na mtoto mmoja, atazame mkono wake, amsahihishe, amrudishe mwanzo. Ni kazi ya uvumilivu kama kulea.

Wenyeji wetu wa Koboko wanaijua njia hii ya ugenini. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wengi wao walikimbilia Sudani na Zaire. Nyumba walizoziacha ziliweza kubomolewa, lakini alichofundishwa mtu hubaki kichwani na vidoleni mwake. Hata adungu tunayoisikia katika makanisa ya West Nile, kijana huipata kwa mkubwa aliyeketi naye.

Wala uchache wa vyombo usituzuie. Mwaka 1994 huko Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha okestra ya Wakimbanguisti kwa violini chache, wanafunzi wakipokezana. Uzi ulipokatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli.

Basi tufanye nini?

1. Mwalimu apewe haki yake. Wagalatia 6:6 yamwagiza anayefundishwa amshirikishe mwalimu wake mema. Kubalianeni mapema: fedha kidogo, sabuni, au siku moja ya kumlimia shamba.

2. Mtoto afundishwe mahali pa wazi, kanisani, milango ikiwa wazi na mtu mzima wa pili akiwa karibu. Mwalimu mwema hatachukizwa na jambo hili.

3. Mazoezi yawe kidogo kila siku. Mkono wa kuume kwanza, kisha wa kushoto, ndipo yote miwili, polepole. Asiye na kinanda nyumbani achore vibonyezo kwenye kadibodi, azoeze vidole.

4. Wasichana wasiachwe. Hemani alikuwa na wana 14 na binti watatu, na habari zao zimeandikwa pamoja na huduma ya uimbaji ya baba yao.

5. Kila anayejua amfundishe mmoja. Hapa kambini leo tuko pamoja, kesho jamaa moja inarudi nyumbani, nyingine inapelekwa nchi ya mbali. Mpiga kinanda akiwa mmoja tu, siku akiondoka kanisa linabaki na kinanda kilichofunikwa kitambaa.

Mzazi mpendwa, chakula kitangulie. Hilo Mungu analijua. Lakini ukiweza kumpa mtoto saa moja kwa juma kwa mwalimu, usiihesabu kuwa hasara. Siku ya kuweka msingi ilipofika Yerusalemu, wazee walioliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti, na wengine wakashangilia, hata sauti hazikutambulikana. Katikati ya vilio na shangwe vile walikuwapo waliojua kupiga. Mtu aliwaandaa kabla ya siku kufika.

Tuombe: Ee Bwana, wabariki walimu wasiotajwa majina. Wape watoto wetu bidii, na wazazi hekima ya kugawa kilicho kidogo. Na siku utakapotufungulia njia, utukute na watu waliofundishwa. Amina.