Nani Huidumisha Taa?

Taa namba 14 haikualikwa kwenye mazishi. Iliwekwa kwa ajili ya kyu ya 5, pale binti anaposoma barua dirishani: asilimia 60, rangi ya kaharabu, kutoka kushoto. Sasa onyesho limefika kyu ya 31. Ni usiku makaburini, jukwaa zima ni bluu, na kwenye kona ya kushoto kuna kijimwanga cha alasiri ambacho hakuna aliyekiomba. Mwanafunzi aliyekaa nyuma ya meza ya taa anaipitia orodha yake kwenye skrini mara mbili. Ndani ya kyu ya 31 hakuandika neno lolote kuhusu taa 14, na hiyo hasa ndiyo sababu inawaka.

Kila anayejifunza kazi hii hukutana na kosa hilo mapema. Kyu ni agizo lililohifadhiwa: taa zipi ziwake, kwa kiwango gani, na zichukue sekunde ngapi kufika hapo. Lakini meza nyingi za kisasa, kama zile za Eos zinazotengenezwa na kampuni ya ETC ya Marekani, hazihifadhi picha nzima kwa kila kyu. Huhifadhi mabadiliko peke yake. Taa iliyopewa asilimia 60 kwenye kyu ya 5 itakaa hapohapo kyu ya 6, ya 7, ya 20, mpaka itakapoambiwa vingine. Mafundi huuita mtindo huo trakingi. Dawa yake, ambayo mwanafunzi hupewa baada ya kuaibika mara moja, ni kuweka mwanzoni mwa kila sehemu ya mchezo kyu inayotaja taa zote upya, hata zile zisizobadilika, ili ya nyuma yasivuke.

Ukimuuliza fundi kwa nini taa 14 iliendelea kuwaka, atajibu kwa urahisi kabisa: kwa sababu hakuna aliyeizima. Jibu hilo linamtosha kwa kazi yake. Lisingewatosha wanatheolojia wa Basra na Baghdad, ambao miaka elfu moja na zaidi iliyopita walibishana vikali kuhusu jambo hilohilo: kitu kikishakuwepo, huendelea kuwepo chenyewe, au yupo anayekiendeleza kila dakika?

Abu al-Hasan al-Ash'ari, mzaliwa wa Basra aliyefariki Baghdad karibu na mwaka 935, aliacha wafuasi waliolijibu swali hilo bila kumung'unya maneno. Mmojawao, al-Baqillani, aliyefariki mwaka 1013, alieleza ulimwengu kuwa ni chembe ndogo zisizogawanyika zenye kubeba sifa: rangi, joto, mwendo, utulivu. Sifa hizo hazidumu nyakati mbili mfululizo. Weupe wa kanzu uliopo sasa hivi unatoweka papo hapo, na Mwenyezi Mungu anaumba weupe mwingine wa namna ileile mahali pake, kisha mwingine, kwa muda wote atakaopenda kanzu hiyo iwe nyeupe. Jicho huona weupe mmoja uliotulia.

Aliyeueleza msimamo huo kwa uwazi mkubwa ni mtu aliyeupinga. Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12, alitoa mfano wa mwandishi na kalamu. Kwa mujibu wa wanatheolojia hao, alisema, mtu anapoisogeza kalamu Mungu huumba mambo manne: nia ya kuisogeza, uwezo wa kuisogeza, mwendo wa mkono na mwendo wa kalamu. Mambo hayo huenda sambamba, na hakuna hata moja linalolisababisha jingine.

Msomaji wa Lamu au Unguja hana haja ya kuyatafuta haya mbali. Masheikh wa Kishafii wa pwani walifuata akida ya al-Ash'ari, na miongoni mwa sifa 20 za Mwenyezi Mungu ambazo vizazi vya watoto wa chuoni vimezikariri, mojawapo ni kusimama kwa nafsi Yake, yaani kutomhitaji yeyote wa kumsimamisha. Upande wa pili wa hesabu hiyo hausemwi kwa sauti kubwa, lakini mtoto mwerevu hupiga hesabu mwenyewe: basi kila kisichokuwa Yeye kinamhitaji wa kukisimamisha, saa zote, si siku ya kuumbwa tu.

Wakristo nao walifika hapo kwa njia yao. Thomas Aquinas, mtawa wa Kidominika aliyeishi kati ya 1225 na 1274, alitofautisha visababishi vya aina mbili. Mwashi hujenga nyumba, huchukua ujira wake, huenda zake, na nyumba hubaki. Jua ni kitu kingine: hewa huwa na mwanga kwa muda ule tu ambao jua linaiangaza, na hewa haiwezi kujiwekea akiba ya mwanga wa kutumia usiku. Uhusiano wa viumbe na Mungu, kwa Aquinas, ni wa aina hii ya pili. Inapendeza kwamba kwa swali gumu namna hii alikwenda kuchukua mfano kwa fundi taa wa kwanza kabisa.

Sasa turudi nyuma ya meza, tuishike ile kebo nyembamba inayotoka kwenye meza kwenda darini.

Ndani ya kebo hiyo mna lugha iitwayo DMX512, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1986 na sasa inatumika duniani kote. Lugha yenyewe ni ya kushangaza kwa umaskini wake. Kuna nafasi 512, na kila nafasi hubeba namba kati ya 0 na 255. Meza huzitaja namba zote kwa foleni, ya kwanza hadi ya mwisho, kisha huanza tena. Foleni nzima huchukua takriban milisekunde 23, kwa hiyo hurudiwa mara 44 hivi kila sekunde. Asilimia 60 kwa lugha hiyo ni 153. Taa 14 inayowaka bila kutikisika wakati binti anasoma barua yake haikuambiwa 153 mara moja ikaachwa iendelee na maisha yake. Inaambiwa 153, na 153, na 153. Kama tukio lina dakika kumi, imeambiwa zaidi ya mara 26,000.

Tena inaambiwa bila kujibu. Katika DMX ya asili maneno hutoka upande mmoja tu: meza husema, taa hutii au haitii, na meza haina namna ya kujua. Hakuna hata hesabu ya kuhakiki kama namba imefika salama, na ndiyo maana ni marufuku kuitumia kulipulia fataki jukwaani. Nyongeza iliyowezesha taa kujibu ilirasimishwa mwaka 2006, miaka 20 baadaye.

Kwa hiyo mwanafunzi yule ana habari mbili za taa moja, na zote ni za kweli. Kwenye skrini taa 14 inabaki kwa sababu hakuna aliyeigusa. Kwenye kebo haibaki hata kidogo; inaamriwa upya.

Mbishi atasema: chomoa kebo tuone. Swali zuri. Taa nyingine huzimika. Nyingine hukaa na amri ya mwisho, ziking'ang'ania 153 yao kama hakuna kilichotokea, na kwenye baadhi fundi huchagua mwenyewe ziwe za aina gani. Anayeamini kwamba vitu hujidumisha atashangilia zile zinazong'ang'ania. Ila asishangilie mapema, kwa sababu kila ukishuka ngazi moja unaukuta urudiaji uleule umevaa nguo nyingine. Taa ya LED iliyowekwa nusu, kwa kawaida haiwaki nusu: huwashwa na kuzimwa mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na jicho ndilo linalotengeneza nusu; kamera ya simu mara nyingi huumbua mchezo huo kwa michirizi. Taa ya zamani yenye waya wa tangsteni hupigwa na umeme wetu mara 100 kwa sekunde, na joto la waya ndilo linaloziba mapengo. Hata kumbukumbu ya meza yenyewe, pale orodha ya kyu inapokaa mchezo ukiendelea, ni vyungu vidogo vya chaji vinavyovuja, na chipu huvijaza upya ndani ya kila milisekunde 64 hivi. Kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya taa ni ngumu zaidi, haihitaji kujazwa hivyo. Inachohitaji ni umeme usikatike, na kwa watu walioonja mgao hapo hapahitaji maelezo.

Historia ya ufundi huu inaonyesha kwamba mitazamo yote miwili iliwahi kuwa vyuma vya kushikika. Zamani kumbi za New York zilitumia meza nzito za taa zenye mikono ya chuma, na wafanyakazi kadhaa waliisukuma kwa nguvu za mwili. Mkono ulioachwa nusu ulibaki nusu hadi mtu ausogeze. Mwaka 1975 mbunifu wa taa Tharon Musser alipoleta meza ya kompyuta Broadway kwa mara ya kwanza, kwenye mchezo wa A Chorus Line, wafanyakazi hao walianza kuaga, lakini tabia ya mikono yao haikuondoka. Trakingi ni mkono ule wa chuma uliohamia kwenye programu.

Mtazamo wa pili ulikaa, na bado umekaa katika kumbi nyingi za shule na makanisa, ndani ya meza ya safu mbili. Safu ya juu ina swichi za kuteleza kwa taa zote, safu ya chini vilevile. Tukio moja likiwa hewani kwenye safu ya juu, fundi hupanga tukio linalofuata lote, taa moja baada ya nyingine, kwenye safu ya chini, kisha hubadilisha. Hapo hakuna kinachobaki. Taa inayotakiwa kuendelea kwa asilimia 60 lazima iandikwe 60 tena; ikisahauliwa, inakufa. Na mkono ukiwa mzito wakati wa kubadilisha, taa hiyo ambayo haikupaswa kubadilika huonekana ikizama kidogo katikati, kisha ikaibuka. Al-Baqillani angeielewa meza hii dakika ya kwanza, ingawa angesisitiza kwamba mkono wa Mola wake hauwi mzito.

Wapinzani wa al-Baqillani hawakuwa watu wa kudharauliwa. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyeishi kati ya 1126 na 1198, aliona kwamba ukiviondolea vitu tabia zake za asili umeiondoa elimu yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua visababishi vyake. Alikuwa akimjibu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye alikuwa amedai kwamba pamba ikiguswa na moto tunachoona ni viwili kutokea pamoja tu, na uhakika wetu unatokana na desturi aliyoiweka Mungu. Kisha mwaka 1687 Newton akaligeuza swali zima: kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake bila msaada; kinachohitaji sababu ni badiliko. Hiyo ni trakingi, neno kwa neno, na shule za sekondari huifundisha.

Meza ya taa haiwezi kuamua kesi hiyo. Inaamuru kiwango cha mwanga, haiamuru kuwepo kwa taa. Ikizimwa, taa 14 inaendelea kuning'inia kwenye bomba lake na mnyororo wake wa usalama, na al-Baqillani pamoja na Aquinas walikuwa wanazungumzia hata bomba. Inachoweza kufanya ni kuziondoa hoja mbili dhaifu mezani. Ya kwanza ni ile ya kwamba kitu kinaonekana kimetulia, basi kinajitegemea. Mtazamaji wa safu ya tatu haoni tofauti yoyote kati ya taa iliyoachwa na taa iliyoamriwa mara 26,000. Ya pili ni kinyume chake, kwamba kama Mungu angekuwa anaudumisha ulimwengu tungeuona ukitetemeka. Ule mzamo wa katikati ni dalili ya mkono mzito, na kazi safi haiachi alama.

Kuna tabia ya kidini pia inayopata msukosuko hapa. Waumini wengi, wa misikitini na wa makanisani, humtafuta Mungu kwenye kyu: kuzaliwa, radi, kupona ghafla, ajali iliyokosa roho. Jumanne isiyo na tukio huachwa ijiendeshe. Kwa mafundisho haya ya kale, Jumanne hiyo imefanyiwa kazi sawasawa na siku ya muujiza, na anayeshukuru kwenye mabadiliko peke yake anasoma orodha na kuisahau kebo.

Kinachobaki kigumu ni mtu. Taa haina dhambi. Lakini kama nia, uwezo na mwendo wa mkono vyote vinaumbwa upya kila wakati, nani alaumiwe mkono ukikosea? Al-Ash'ari alisema Mungu huumba kitendo na mja hukichuma, yaani hukifanya kuwa chake. Wazo hilo lilikuwa jembamba kiasi kwamba Waarabu walilifanya mithali ya kitu kisichoshikika: chembamba kuliko uchumaji wa al-Ash'ari. Kwenye chumba cha taa wembamba huo hutatuliwa kila usiku bila mjadala. Mbunifu ndiye aliyeziunda kyu, msimamizi wa jukwaa ndiye anayesema kwenye kipaza sauti "kyu 12, haya", na mwendeshaji hubonyeza kitufe cha GO. Kwenye kijitabu cha onyesho mwanga wote una jina la mbunifu. Kwenye ripoti ya msimamizi, kyu 12 ikichelewa, kuchelewa huko kunaandikwa kwa mwendeshaji.