Deni la Msomi kwa Mti wa Kwao

Mjini Morogoro kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambamo vijana wetu husomea misitu na bustani. Tuseme mmoja wao ashuka hadi Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, daftari mkononi. Mzee wa huko amwonyesha mti wa porini, amtajia jina lake na majira ya kuokota mbegu zake. Kijana aandika, ashukuru, aondoka. Je, ana deni?

Wako watakaosema hana, kwa kuwa maarifa hayapungui yakigawanywa. Lakini na tukumbuke lile ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo lapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Uluguru nako wako ndugu zake. Lakini misitu lilimotoka imezidi kupungua, na watoto wetu wengi hawalijui hata kwa sura. Maarifa yalikwenda, wala hayakurudi.

Hatusemi kwamba kupanda mti wa kigeni ni kosa. Mjohoro ulitoka Asia, nao hukua upesi na kutupa kuni. Mama mwenye chungu mekoni hawezi kuungoja mpingo, uhitajio miaka 70 na zaidi hata ukomae. Huyo asilaumiwe. Kosa ni dharau: kung'oa mkwaju na mpingo, iliyozoea jua la mahali pale, kana kwamba ni magugu, kisha kuzipamba shule na ofisi zetu kwa maua yadaiyo ndoo ya maji kila jioni ya kiangazi. Wazee walituonya: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi deni lipo, nalo ni la haki, si la hisani tu. Mzee hakuuza alichokijua. Alikitoa kama amana, na amana hurudishwa. Yampasa kijana akiri kwa nani alijifunza. Yampasa arudi kijijini kueleza kwa Kiswahili chepesi aliyoyagundua, hata kama mtihani wake umekwisha. Tena, mbegu alizookota ziache kitalu huko huko, hata kiwe cha miche kumi tu.

Nasi wazazi tusijitoe katika deni hili. Apandaye mjohoro kwa ajili ya meko, na apande na mpingo mmoja mpakani mwa shamba. Hatautumia yeye, wala huenda mwanawe asiutumie. Lakini hata hiyo mikwaju tupumzikayo chini yake leo, ni nani kati yetu aliyeipanda? Tulivipokea vivuli hivyo bure. Haifai vikatike mikononi mwetu.